Kusoma Kisu cha Kukunja

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa mahali pake. Walimu wasaidizi nawaomba waandike ubaoni maneno manne ya leo: mpini, bapa, msuka, kamani. Tutayahitaji.

Leo ni siku yetu ya historia, lakini sitawaeleza habari za wafalme wala za vita. Nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachokaa katika mifuko ya watu wengi, nacho ni kisu cha kukunja. Kama unacho, kitoe, ukiweke mezani mbele yako. Usikifungue bado.

Hiki nilicho nacho mkononi niliachiwa na mjomba wangu, aliyekuwa seremala. Mpini wake ni wa pembe nyeusi, umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Mjomba hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alipokwenda dukani kununua kisu, muuzaji hakumweza. Alikifungua, akatazama pale bapa linapokutana na mpini, akatafuta alama mbili ndogo, nyota na msalaba. Asipoziona alikirudisha, akaenda zake. Mimi nilidhani ni ushirikina tu wa mzee.

Nilipokuwa nimefika darasa la tano aliniita akasema, "Mwanangu, wewe sasa unajua herufi. Hebu nisomee kisu changu." Nikakipeleka penye mwanga nikamsomea. Upande mmoja paliandikwa Joseph Rodgers na Wanawe, wafua visu wa Mfalme. Upande wa pili paliandikwa namba 6, barabara ya Norfolk, Sheffield, Uingereza. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe kina anwani kama mtu!" Kisu hicho alikuwa amekichukua kiunoni kwa zaidi ya miaka ishirini.

Basi tukifungue. Shika mpini kwa mkono wa kushoto. Tia ukucha wa kidole gumba cha kulia katika ule mtai mdogo ulio ubavuni mwa bapa, uvute polepole. Mwanzo kinakataa, halafu kinakubali, na mwisho kinajirusha chenyewe na kulia "ta!" Katika sauti hiyo fundi husikia kazi ya fundi mwenzake.

Tazameni sababu yake. Bapa lina mwisho unaoingia mpinini, nao ndio msuka. Msuka umetobolewa tundu, na msumari umepita ndani yake, hata bapa likazunguka kama mlango juu ya bawaba. Mgongoni mwa mpini umelazwa ukanda mwembamba wa chuma cha pua, ndio kamani, ambayo wengine huiita springi. Fundi huipinda kidogo ili kila wakati iwe inausukuma msuka. Sasa, msuka haukuchongwa mviringo. Una pande zilizonyooka na una pembe. Kisu kikiwa wazi, kamani hulala juu ya upande ulionyooka, ikalishika bapa lisirudi. Ukilisukuma kwa nguvu, pembe ya msuka huinua kamani, bapa likapita, na kamani ikalala tena juu ya upande mwingine. Hakuna kufuli hapo. Kwa sababu hiyo kisu cha namna hii hukata vizuri ukikandamiza makali yake, lakini ukikichoma mbele kama mkuki kitakufunga vidole. Msijaribu.

Visu vya kukunja ni vya kale sana. Warumi walikuwa navyo, na katika jumba la makumbusho la Fitzwilliam, huko Cambridge, kimo kimoja cha karne ya 3 chenye kijiko, uma na vyombo vingine vinavyokunjwa pamoja. Lakini vingi vya kale vilishikwa na mkazo wa msumari tu. Msumari ukilegea, bapa huning'inia kama mkono uliovunjika. Ilikuwa katika karne ya 17 ndipo mafundi wa Ulaya walipozoea kutia kamani mgongoni, na mji uliopata sifa kuliko yote kwa kazi hiyo ulikuwa Sheffield, kaskazini ya Uingereza.

Kwa nini Sheffield? Si kwa akili za watu wake peke yake. Mito mitano hukutana hapo: Don, Sheaf, Porter, Loxley na Rivelin. Hushuka kutoka vilimani kwa kasi, na maji yake yaliweza kuzungusha magurudumu ya kunolea. Milima yenyewe ilitoa mawe ya mchanga yafaayo kunolea. Tangu zamani mji ulijulikana kwa visu. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Waingereza aliyefariki mwaka 1400, katika hadithi zake za Canterbury anamtaja mwenye kinu cha kusaga nafaka aliyechukua kisu cha Sheffield katika vazi lake. Mwaka 1624 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuanzisha Chama cha Wafua Visu cha wilaya ile, nacho kipo hata leo.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili lawahusu ninyi hasa. Moja ya kazi kubwa za chama hicho ilikuwa kuandikisha alama. Kila fundi mkuu alipewa alama yake, naye alitakiwa kuigonga katika chuma cha kila kisu alichokifanya. Na alama nyingi zilikuwa nini? Picha! Moyo, taji, ufunguo, nyota. Siku zile wanunuzi wengi hawakujua kusoma, wala mafundi wengi hawakujua. Picha ndiyo iliyokuwa sahihi ya mtu asiyeweza kuandika jina lake. Jamaa ya Rodgers walipewa nyota na msalaba mwaka 1764. Kwa hiyo mjomba wangu hakuwa na ushirikina wo wote. Alikuwa akisoma maandishi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtu kama yeye.

Mwingine, George Wostenholm, alitumia herufi tatu, I, X na L. Ukizitamka kwa Kiingereza upesi upesi, husikika kama mtu anayesema kwamba yeye awapita wenzake. Majivuno, ndiyo, lakini visu vyake vilinunuliwa sana Marekani, hata kiwanda chake akakiita kwa jina la Washington.

Chuma nacho kilikuwa na hadithi yake. Karibu na mwaka 1740 alikuwako fundi wa saa aliyeitwa Benjamin Huntsman. Alichoshwa na kamani za saa zilizovunjika ovyo, kwa sababu chuma cha pua cha siku zile hakikuwa sawa. Mahali pagumu, mahali laini. Akajifunza kukiyeyusha kabisa katika vyungu vya udongo vilivyotiwa ndani ya moto mkali mno, kikatoka kimechanganyika sawasawa. Husimuliwa kwamba wafua visu wa Sheffield walikikataa kwanza kwa sababu kilikuwa kigumu kukifua, naye akawauzia Wafaransa. Visu vya Wafaransa vilipoanza kushindana nao, ndipo walipobisha hodi kwake.

Msidhani kwamba mtu mmoja alikaa akafanya kisu kizima. Kazi iligawanywa. Mmoja alifua bapa motoni. Wa pili alilinoa juu ya jiwe. Wa tatu alikusanya vyote, bapa, kamani, mabamba ya shaba ya ndani, na vibao vya mpini vya pembe au mfupa, akavipigilia misumari na kuvipiga tupa mpaka vikakaa. Huyu wa tatu ndiye aliyetoa ile sauti ya "ta!" Kazi yake ilikuwa ya subira. Alifungua na kufunga, akaondoa chuma kiasi cha unywele, akafungua tena.

Lakini nawaomba mumfikirie yule wa pili. Mnoaji alikaa kama mpanda punda juu ya kiti cha mti, ameinama mbele, uso wake karibu na jiwe linalozunguka kwa kasi. Mara nyingine jiwe lilipasuka, vipande vyake vikaua watu. Lakini adui mkubwa hakuwa jiwe lenyewe, bali vumbi lake. Wengine walinoa kwa maji, na maji yalipunguza vumbi. Wengine, hasa wanoaji wa nyuma, walinoa kwenye jiwe kavu, wakavuta vumbi la jiwe na la chuma mchana kutwa. Daktari mmoja wa Sheffield, Arnold Knight, aliandika kwamba wanoaji wa jiwe kavu kwa kadiri walifika umri wa miaka 35 tu, na wale wa jiwe la maji ilikuwa shida kupita 45. Mwaka 1843 daktari mwingine, Calvert Holland, akatoa kitabu kizima juu ya maradhi hayo ya mapafu. Vyombo vya kuvuta vumbi vilikuwa vimekwisha kubuniwa, lakini wenye mahali pa kunolea hawakupenda gharama, na wanoaji wengine wenyewe hawakuvitaka. Waliogopa kwamba watu wakiishi zaidi, mafundi watakuwa wengi na mishahara itashuka. Fikirini umaskini unaomfikisha mtu katika hesabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo mkusanyaji anapokishika kisu cha mwaka 1840, akasifu jinsi bapa linavyong'aa, anashika pia pumzi za mtu. Mimi nadhani ni vizuri alijue jambo hilo.

Na wakati huo huo Sheffield ilikuwa ikijionyesha. Kwa maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851, Rodgers walifanya kisu kimoja cha ajabu kiitwacho Kisu cha Norfolk, chenye mabapa na vyombo 75. Walikuwa na kingine pia, Kisu cha Miaka, kilichoanzishwa mwaka 1822 na kutiwa mabapa 1,822, kisha kikaongezwa bapa moja kila mwaka. Hivyo si visu vya kumenyea chungwa. Vilikuwa tangazo la dukani.

Mipini ya visu vya fahari ilikuwa ya gamba la chaza ya lulu, ya pembe ya kulungu, na ya pembe ya ndovu. Hapa ndipo habari hii inapofika kwetu. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, zikavushwa Unguja, na kutoka huko zikapakiwa kwenda Bombay, London na Marekani. Nyingine zilikatwa kuwa vibao vya piano, nyingine mipini ya visu. Mzungu aliyekata sigara yake kwa kisu cha mpini mweupe huenda hakujua kwamba mpini ule ulikuwa umepita begani mwa Mnyamwezi. Leo biashara hiyo imefungwa. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukomesha biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inayokataza kuuza hata pembe za zamani isipokuwa kwa idhini maalum. Mwenye kisu cha namna hiyo anaweza kukaa nacho, lakini asikimbilie sokoni.

Sasa turudi kwenye alama, maana alama nzuri huzaa wezi. Visu vya Sheffield vilipopata jina duniani, watu wa miji mingine walianza kugonga jina la Sheffield juu ya visu ambavyo Sheffield haikuviona. Malalamiko yalikuwa makubwa zaidi juu ya bidhaa za Ujerumani. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kukataza alama za uongo. Mwaka 1890 Marekani nayo ikatunga sheria ya forodha iliyotaka bidhaa za kigeni ziandikwe jina la nchi zilikotoka. Ndiyo maana mkusanyaji akiona neno la Kiingereza la Uingereza au la Ujerumani limegongwa katika msuka, hukisia kwamba kisu kilifanywa baada ya hapo. Asipoliona, hukisia kwamba ni cha kabla. Nasema hukisia, kwa maana mafundi hawakuwa wote watiifu, na kisu kilichouzwa nchi nyingine hakikufungwa na sheria ya Marekani.

Mark Twain, mwandishi wa Marekani, aliufanyia mzaha wizi huu wa alama katika kitabu chake cha Tom Sawyer cha mwaka 1876. Kijana Tom anapewa kisu cha namna ya Barlow, kisu cha bei nafuu chenye kichwa kirefu cha chuma mbele ya mpini, kilichopewa jina la ukoo wa wafua visu wa Sheffield. Kisu chenyewe hakikati cho chote, lakini Tom hajali, kwa kuwa ni Barlow halisi. Na mwandishi anashangaa jinsi wavulana walivyoamini kwamba kuna watu wa kuiga silaha kama ile na kuiharibia sifa.

Mimi nisicheke sana. Nilipoanza kupata mshahara nilinunua kisu sokoni kwa mchuuzi mmoja, nikaona nyota, nikaona msalaba, nikalipa. Juma la pili kamani ikakatika. Nikakitazama vizuri penye mwanga, na jina lililogongwa lilikuwa RODGRES. Herufi mbili zimebadilishana mahali. Mjomba angedanganyika na picha, naye asingekuwa na kosa. Mimi nilikuwa na elimu machoni na sikuitumia.

Wakusanyaji wa leo husoma zaidi ya alama. Huweka visu viwili vya namna moja sambamba na kuvilinganisha. Kwanza mgongo: kisu kikiwa kimefungwa, kikiwa nusu, na kikiwa wazi, je, kamani iko sawa na mabamba, au imejitokeza kama mbavu? Fundi hodari huilinganisha katika hali zote tatu, na hilo ni gumu kuliko mnavyodhani. Kisha bapa: je, latikisika? Je, lapita katikati, au lakwaruza upande mmoja? Halafu urefu. Bapa lililonolewa miaka arobaini hubaki jembamba kama jani la mchaichai, na bila kisu cha pili cha kulinganisha huwezi kujua limepungua kiasi gani. Mwisho huchungulia kama bapa limebadilishwa, likatolewa kisu kingine chenye alama bora. Na jambo moja wasilosamehe ni kusugua. Mtu akipata kisu chenye kutu, akakipeleka kwenye cherehe kikang'aa kama kioo, mara nyingi amefuta alama pamoja na kutu. Tone la mafuta na kitambaa vyatosha.

Kiwanda cha W. R. Case na Wanawe, katika mji wa Bradford, Pennsylvania, huwasaidia wakusanyaji kwa namba. Tuchukue kisu chenye namba 6254. Ile 6 yaonyesha mpini wa mfupa uliochongwa mitai, 2 ni hesabu ya mabapa, na 54 ni namba ya umbo lake. Tena tangu mwaka 1970 wameonyesha na mwaka. Mwaka huo waligonga nukta kumi chini ya jina, na kila mwaka uliofuata wakapunguza moja. Haya, fanyeni hesabu kwenye madaftari yenu: kisu chenye nukta tatu ni cha mwaka gani? Walimu wasaidizi wasitaje jibu. Kumi ni 1970, tisa ni 1971, endeleeni hivyo. Mkipata 1977 mmepata sawa. Mwaka 1980 walirudia nukta kumi, lakini safari hii wakabadili herufi S ya jina, wakaichora kama radi, ili miaka ya mbele isichanganyike na ya nyuma.

Waswisi nao wana hadithi ndefu, nami nitaigusa tu. Karl Elsener wa kijiji cha Ibach alisajili kisu chake cha maofisa mwaka 1897. Ujuzi wake ulikuwa kuzifanya kamani mbili tu zibebe vyombo sita, vingine tumboni, vingine mgongoni. Hicho ndicho kisu chekundu mnachokiona kwa watalii.

Na jambo jingine kwa ninyi mnaojifunza kuandika. Kiingereza kisu kidogo cha mfukoni huitwa kisu cha kalamu. Kabla ya kalamu za chuma kuenea katika karne ya 19, watu wa Ulaya waliandika kwa unyoya wa bata bukini, nao ulihitaji kuchongwa mara kwa mara. Waandishi wetu wa pwani walichonga kalamu za matete kwa namna hiyo hiyo. Kila mwandishi alihitaji kisu kikali karibu na wino wake. Kalamu ya unyoya imekwenda, jina la kisu limebaki.

Sheffield yenyewe imebadilika. Baada ya vita vya pili vya dunia, viwanda vya visu vilifungwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1971 Rodgers waliwanunua Wostenholm, wapinzani wao wa zamani, na hata hivyo haikusaidia. Alibaki Stan Shaw, aliyezaliwa mwaka 1926 na kuanza kazi akiwa kijana wa miaka 14. Kwa zaidi ya miaka 70 alifanya visu vya kamani kwa mkono wake, na watu wa nchi mbalimbali waliandikisha majina wakangoja miaka ili wapate kimoja. Alifariki mwaka 2021. Vijana wachache wameishika kazi hiyo mjini humo, wakiwa na tupa, nyundo ndogo na sikio la kusikiliza kamani.

Wakati wetu umekaribia kwisha. Kazi ya juma hili ni hii. Tafuteni kisu cha kukunja, kiwe chenu, cha jirani, au cha fundi viatu wa sokoni. Mwombeni kwa adabu. Kifungueni penye mwanga, mtazame msuka pande zote mbili, mkaandike katika daftari herufi moja moja kama zilivyo, hata kama hamzielewi. Mkikuta picha, ichoreni. Kisha mniletee kwa barua, na yale yatakayonishinda mimi tutayasoma pamoja Jumanne ijayo. Kwaherini.